Nilizima swichi, nikasubiri, na bado nikarushwa

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye kinu kidogo cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Mwezi uliopita nilifungua inveta (kifaa cha kudhibiti kasi ya mota) ya mota ya eleveta, ule mkanda wa ndoo unaopandisha kahawa, ili nibadilishe feni yake. Nilizima swichi kuu, kioo cha inveta kikazimika, nikasubiri kama dakika mbili, nikajaribu kwa testa ya bisibisi na haikuwaka. Nilipoingiza mkono nilirushwa hadi nikaangukia magunia. Jambo la pili, mashine yetu ya kuchambua kahawa kwa rangi imeshaua bodi mbili za elektroniki. Ya kwanza ilikufa siku tuliyokuwa tunachomelea bomba la kushushia kahawa juu yake. Ya pili niliifunga mwenyewe, mpya kabisa, haikumaliza hata wiki. Bosi anasema mikono yangu ina nuksi, na ameninunulia glavu za mpira. Ameshaagiza bodi ya tatu. Naomba unieleze utaratibu wa kazi hizi, maana sasa naogopa hata kufungua paneli.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Tuanze na mwili wako kabla ya mashine. Kama tangu siku ile moyo unakwenda mbio bila sababu, au mkono unakufa ganzi, au una alama ya kuungua kwenye kidole isiyotaka kupona, nenda ukamwone daktari na umweleze wazi kwamba ulipigwa na umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri) ndani ya inveta. Mwezi umepita, lakini nenda. Na siku nyingine mtu yeyote akirushwa pale kinuni, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama amesimama anacheka. Umeme huunguza nyama za ndani pasipoonekana kwa nje, na kipimo cha mapigo ya moyo huchukua dakika chache tu. Tukio liandikwe kwenye kumbukumbu za ajali za kazini. Usiliache lipite kwa sababu hukuumia sana, maana likija kuzuka tatizo baadaye, madai ya fidia kule WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yanahitaji mahali pa kuanzia.

Sasa inveta. Hukufanya kazi kiholela. Ulizima, ukasubiri, ukapima. Tatizo ni kwamba kila hatua kati ya hizo tatu ilikuwa na tundu, na matundu yote yalikutana siku moja.

Umeme wa njia tatu unaoingia kwenye inveta yako ni wa volti 400. Kazi ya kwanza ya inveta ni kuugeuza kuwa DC na kuuhifadhi kwenye kapasita kubwa, zile zinazofanana na makopo. Volti 400 za AC, yaani umeme wa kawaida wa TANESCO, zikigeuzwa zinakuwa kama volti 565 za DC. Ukizima swichi kuu, unafunga mlango wa kuingilia tu. Kilichokwisha kuingia kwenye kapasita bado kimo humo humo, na kinatoka polepole kupitia rezista zilizowekwa kwa kazi hiyo. Chukua mfano wa inveta yenye kapasita za jumla ya maikrofaradi 2,000 na rezista ya kilo-omu 47 ya kuzimwaga. Baada ya dakika mbili bado zina volti 158 hivi. Kushuka hadi volti 50 kunahitaji karibu dakika nne. Hapo ni kama rezista ni nzima. Ikiwa imeungua, na wewe ulikuwa unashughulikia inveta ambayo feni yake ilishakufa, maana yake imekuwa ikichemka kwa siku kadhaa, chaji inaweza kukaa humo kwa muda mrefu sana.

Nguvu iliyomo si ya mchezo. Kapasita za mfano huo zikijaa zina jouli kama 319, na mashine ya hospitali ya kushtua moyo uliopoteza mpangilio wa mapigo humpiga mgonjwa kwa jouli 200 hadi 360.

Kioo kuzimika hakukuambii lolote kuhusu kapasita. Kioo hupewa umeme na saketi ndogo ya ndani ambayo huacha kufanya kazi volti zikishuka kiasi fulani, na kiasi hicho bado kinaweza kukuua. Baadhi ya inveta zina taa ndogo nyekundu karibu na terminali kuonyesha kwamba bado kuna chaji. Ikiwaka, amini. Isipowaka, usiamini, kwa sababu taa nayo huungua. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye jalada la inveta, mara nyingi kwenye kibandiko cha njano: kuna za dakika 5, kuna za 10, kuna za 15. Dakika mbili sijawahi kuziona kwenye inveta ya ukubwa wa mota ya eleveta.

Testa ya bisibisi ndiyo iliyokuponza zaidi. Kitaa cha ndani yake huwaka pale umeme kidogo unapopita kwenye kidole chako na mwili wako kwenda ardhini. Ukishazima swichi kuu, chaji ya kapasita haina njia ya maana ya kurudi kupitia ardhi. Inazunguka kati ya chanya na hasi yake yenyewe. Kwa hiyo testa inagusa chanya na kukaa kimya. Mkono wako uliingia ukagusa pande zote mbili, na ukawa wewe ndiyo waya. Ninavyosoma maelezo yako, umeme ulikatiza kiganjani tu. Ungekuwa umeshika chanya kwa mkono wa kulia na hasi kwa wa kushoto, ungepita kifuani, na tusingekuwa tunaandikiana. Testa ya bisibisi iache kwa mtu anayetafuta laini kwenye swichi ya taa ya nyumbani, na hata huko mimi siipendi.

Kinachotakiwa ni mita ya kweli, iliyoandikwa CAT III 1000V, yaani daraja lake la usalama. Watu wengi hununua ya 600V kwa sababu ni nafuu, lakini fanya hesabu: umeme ukipanda kidogo hadi 440, DC ya ndani inafika 622. Mita ya 600 imeshazidiwa kabla hujaanza kazi. Weka mita kwenye DC. Nasisitiza kwa sababu mafundi wengi huiacha kwenye AC walikotoka kupima laini, wanagusa chanya na hasi, wanasoma sifuri au namba ya ajabu ajabu, wanaingiza mkono. Upimaji wenyewe una hatua tatu: pima kwanza mahali unapojua kuna umeme, uhakikishe mita ni nzima na nyaya zake hazijakatika, pima unapotaka kugusa, kisha rudi upime tena pale pa kwanza. Bila ile ya tatu hujui kama mita ilikufa katikati ya kazi ikakupa sifuri ya uongo. Kwenye inveta pima kati ya chanya na hasi, kisha kila moja na ganda la chuma la inveta, kisha nyaya tatu zinazoingia, kisha tatu zinazokwenda kwenye mota. Subiri hadi zote ziwe chini ya volti 50 na bado zinashuka.

Kuna wanaomaliza chaji kwa kufupisha terminali kwa bisibisi. Ukimwona mtu anafanya hivyo, sogea mbali. Zile jouli 319 zinatoka kwa mpigo mmoja, chuma kinayeyuka na kuruka machoni, na kapasita yenyewe inaumia. Ikiwa rezista ya ndani imekufa na chaji haishuki kabisa, tumia rezista ya nje ya waya, ya kilo-omu 1 na wati 100, yenye nyaya zenye ganda zuri na vishikio vya plastiki, huku mita ikiwa imefungwa pale pale unatazama namba inavyoteremka. Ni suala la sekunde kadhaa. Kama huna, funga jalada, weka kufuli, urudi kesho upime.

Na kabla sijaiacha inveta: angalia kitabu chake. Inveta nyingi za siku hizi feni yake hutoka kwa juu au kwa chini kwa kubana vishikio viwili, bila kufungua upande wa umeme mkubwa. Huenda mkono wako haukuwa na sababu yoyote ya kuingia kule.

Tuje kwenye swichi kuu. Umesema uliizima. Hukusema uliifunga. Kinuni kuna mwendesha mashine, kuna supavaiza, kuna dereva anayetaka gunia zake zipimwe aondoke. Mmoja wao akiona mashine imesimama atakwenda kuinua swichi, na hatakuwa na nia mbaya. Swichi iliyozimwa inatakiwa ipigwe kufuli, kufuli yako mwenyewe, ufunguo wake mmoja tu uwe mfukoni mwako, na kibao chenye jina lako, namba ya simu na saa uliyoanza. Mkiwa wawili kwenye kazi moja, kufuli ni mbili. Zamu ikibadilika, anayeingia anaweka yake kwanza ndipo anayetoka anatoa yake. Mashine isibaki wazi hata dakika moja katikati. Ufunguo haukabidhiwi kwa mtu, hata kwa bosi. Marekani walifanya jambo hili kuwa kanuni kamili mwaka 1989, lakini kwako halihitaji vifaa vya bei. Kuna vibano vidogo vya kufungia breka. Ukikosa, na paneli yako ni ya zamani yenye fyuzi, toa fyuzi zote tatu uweke mfukoni na mlango wa paneli uupige kufuli.

Ukishafunga, nenda kwenye kitufe cha kuwashia ukibonyeze. Mashine isipoamka, umefunga swichi sahihi. Ikiamka, umefunga ya jirani. Nimeona paneli zenye vibandiko vilivyoandikwa miaka kumi iliyopita, na nyaya zimehamishwa mara mbili tangu hapo. Kumbuka pia kwamba kitufe chekundu cha dharura hakikati umeme mkubwa. Kinaiambia kontakta au inveta isimame, basi. Nyuma yake volti 400 ziko vile vile. Huwezi kuweka mkono ndani kwa kutegemea kitufe chekundu.

Halafu kuna jenereta. Hapa kwetu hakuna kinu kisichokuwa nayo, na wengi wameweka chenjiova, swichi ya kuhama kati ya TANESCO na jenereta, ya kujigeuza yenyewe. Ukifunga upande wa TANESCO peke yake na umeme ukakatika mjini, jenereta itajiwasha na kurudisha umeme kwa njia nyingine. Kwa hiyo ama unafunga swichi iliyo chini ya chenjiova, inayokata pande zote mbili, ama unafunga pande zote mbili kila moja kwa kufuli yake, na swichi ya kuwashia jenereta inawekwa kwenye sifuri. Kama mna kapasita za kurekebisha mzigo kwenye paneli kuu, zile nazo zina chaji yake. Kiwango cha kimataifa kinataka zishuke hadi volti 75 ndani ya dakika 3, na hapo tena nasema ni kama rezista zake ni nzima. Pima.

Umeme ukishamalizwa, eleveta bado ina nguvu nyingine ambayo mafundi wa umeme huisahau kabisa. Ikisimama katikati ya kazi, ndoo za upande unaopanda zimejaa kahawa na za upande unaoshuka ni tupu. Uzito wote huo unavuta kurudi nyuma. Kinachouzuia ni giaboksi, breki au kile kifaa cha kuzuia kurudi. Siku utakayolegeza kapulingi au kutoa mota, mkanda mzima utarudi kwa kasi, na pulei haitasubiri utoe vidole. Toa kahawa yote kwanza kama inawezekana. Kama haiwezekani, funga pulei ya juu kwa mnyororo kwenye fremu, au weka kabari ya mti mgumu pande zote mbili, ndipo ushike spana. Mashine ya kukoboa nayo huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzimwa; subiri mkanda usimame wenyewe, usiusimamishe kwa ubao. Kwenye hewa ya kompresa funga valvu, toa hewa iliyobaki kwenye bomba, utazame geji hadi ifike sifuri. Mashine yako ya kuchambua rangi ina valvu ndogo nyingi za kupuliza punje mbovu, na hewa iliyobaki inatosha kukurushia uchafu jichoni.

Sasa tuiangalie mashine hiyo ya rangi, maana hapo umelaumiwa kabla hakujafanyika uchunguzi.

Bodi ya kwanza ilikufa siku ya kuchomelea. Nikuulize: klempu ya ethi ya mashine ya kuchomelea ilishikizwa wapi? Nabahatisha kwamba fundi aliibana kwenye mguu wa fremu au kwenye reli ya ngazi, popote paliposhika vizuri, naye akachomelea bomba kule juu. Umeme wa kuchomelea ni mamia ya ampea, na ni lazima urudi kutoka kwenye ncha ya fimbo hadi kwenye klempu. Ukiwa na njia fupi ya chuma kizito, unaipita. Ukikuta bomba limeungwa na bolti zenye kutu na rangi, unatafuta njia nyingine yoyote: beringi, nyaya za ethi za mashine, ganda la kebo za sensa, bodi. Beringi hupata vijishimo na kuanza kulia wiki kadhaa baadaye. Bodi hufa papo hapo. Kwa hiyo kuanzia leo, klempu ibanwe sentimita chache kutoka mahali panapochomelewa, kwenye chuma kilichosuguliwa hadi kikawa cheupe, na kwenye kipande kile kile, isiwe ng'ambo ya beringi wala ng'ambo ya bolti. Mashine yoyote yenye bodi iliyoungana na fremu hiyo izimwe na plagi za bodi zichomolewe kabla. Bomba likiweza kufunguliwa, lifungueni mkalichomelee nje uwanjani. Kwanza ni salama zaidi kwa sababu ya moto. Makapi ya kahawa na vumbi lake vinashika moto upesi kuliko watu wanavyodhani, na cheche moja inaweza kulala ndani ya rundo la makapi saa nzima kabla moshi haujaonekana.

Bodi ya pili ni kesi tofauti, na nina watuhumiwa watatu kwa mpangilio huu.

Wa kwanza ni pawa saplai. Umeme ule ule wa kuchomelea ulioua bodi unaweza kuwa uliumiza pia saplai ya volti 24 inayoilisha. Saplai iliyojeruhiwa huendelea kufanya kazi, ila inatoa volti zinazoruka, na bodi mpya inakufa kwa siku chache. Je, uliipima kabla ya kufunga bodi mpya? Hukutaja, nami nadhani hukuipima. Ipime ikiwa haijaunganishwa na bodi, kwanza kwenye DC, kisha geuza mita kwenye AC uone kama kuna mawimbi yanayopita. Halafu ipe mzigo, kama taa ya lori ya volti 24, uipime tena. Saplai mbovu wakati mwingine husoma vizuri ikiwa haina kazi. Ukiwa na shaka, badilisha. Bei yake ukilinganisha na ya bodi ni ndogo.

Wa pili ni UPS, lile boksi la betri la kuendeleza umeme. Mashine za aina hii mara nyingi hufungiwa UPS ili kompyuta yake isizimike ghafla umeme unapokatika, na UPS haijali kwamba umezima swichi kuu. Kazi yake ni hiyo hasa. Ukazima, ukachomoa bodi iliyokufa, ukachomeka mpya huku saplai bado ina umeme kutoka UPS. Plagi ikiingia kwa kupinda kidogo, pini ya umeme inagusa kabla ya pini ya sifuri, na volti zinatafuta njia kupitia mahali pasipotakiwa. Izime UPS kwa kitufe chake, ichomoe, kisha pima kwenye bodi yenyewe uone sifuri.

Wa tatu ndiyo mikono yako, lakini si nuksi. Ni umeme tuli. Mwili wa mtu hujichaji kwa kutembea, kuinuka kwenye kiti cha plastiki, kuvua sweta. Wewe huhisi ule mchomo mdogo pale tu chaji inapofika kama volti 3,000. Vipande vingine vya kwenye bodi huumia kwa chini ya volti 100. Maana yake unaweza kuua bodi bila kuhisi chochote, na mara nyingi haifi hapo hapo: inajeruhiwa, inafanya kazi siku mbili tatu, halafu inazima. Wakulima wa Kilimanjaro huvuna kuanzia mwezi wa saba hivi, kwa hiyo kinu chako kinafanya kazi sana wakati wa kiangazi, vumbi limejaa na hewa ni kavu, na kahawa ya maganda iliyokaushwa inateremka kwenye mabomba siku nzima ikijisugua. Asubuhi kuna baridi ya mlimani, kila mtu amevaa sweta la nailoni au akriliki. Hayo yote kwa pamoja yanazalisha umeme tuli kweli kweli.

Dawa yake ni mkanda wa mkononi wenye waya wa kwenda ethi. Ndani ya waya kuna rezista ya mega-omu 1, na ndiyo maana usitengeneze wako kwa waya mtupu. Ukigusa volti 230 kwa bahati mbaya ukiwa umevaa mkanda halisi, kinachopita kwenye mkanda ni chini ya robo ya miliampea. Ukiwa na waya mtupu umejifunga mwenyewe kwa ajili ya kifo.

Na hapa ndipo kazi zako mbili zinapogombana, ndiyo sababu nimezijibu pamoja. Ukiwa kwenye umeme mkubwa hutaki kuungwa na ethi hata kidogo: unavua saa, pete na mkufu, unasimama kwenye kitu kikavu, na mkanda wa mkononi haukaribii paneli. Ukiwa kwenye bodi unataka kuungwa na ethi muda wote. Mpangilio hauna mjadala. Kwanza unafunga, unamaliza chaji na kupima hadi uone sifuri kila mahali. Baada ya hapo, na si kabla, unavaa mkanda. Ukihitaji kuwasha tena ili kupima volti, mkanda unavuliwa kwanza. Watu waliojifunzia kwenye meza ya kutengeneza simu huvaa mkanda asubuhi wakauvua jioni, na hiyo kinuni haifai.

Mkanda unataka ethi ya kweli. Soketi nyingi zina tundu la tatu lisilokwenda popote. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, apime fimbo ya ethi ya kinu kwa kifaa chake, tena apime kiangazi, kwa sababu udongo wetu wa mawe ya volkano ukikauka haupitishi umeme vizuri, na ethi iliyopimwa mwezi wa nne wakati wa masika inaweza kukudanganya mwezi wa tisa. Mkanda wenyewe funga kwenye fremu ya mashine iliyo na ethi, mahali palipokwanguliwa rangi.

Mengine ni madogo. Bodi ibaki kwenye mfuko wake wa kijivu unaong'aa hadi dakika ya kuifunga. Mfuko wa pinki hautoshi, huo hauzalishi chaji lakini haukingi inayotoka nje. Ishike kwa pembe, usiguse shaba. Usiilaze kwenye gunia la nailoni wala kwenye kipande cha maboksi ya povu. Vumbi usilipulize kwa kompresa: hewa hiyo ina maji na mafuta, na yenyewe huzalisha umeme tuli inapotoka kwenye bomba la plastiki. Tumia brashi laini ya manyoya ya asili, ukiwa na mkanda mkononi. Chuma cha solda kiwe cha plagi ya pini tatu, na zote tatu ziwe zinafanya kazi.

Kuna jambo moja hukuuliza lakini nakuambia kwa sababu nakuona unaelekea huko. Siku utakapotaka kupima mota ya eleveta kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda la nyaya za ndani ni zima), chomoa kwanza nyaya zake tatu kwenye inveta. Mega inatoa volti 500 au 1,000, na ukiipiga huku inveta imeungwa utakuwa umepata inveta ya kutupa.

Kuhusu glavu za bosi: zitazame kwenye kifundo. Glavu za umeme zina chapa ya daraja lake, na daraja 0 ndiyo ya hadi volti 1,000 za AC. Huvaliwa chini ya glavu za ngozi, na kila siku hujazwa hewa na kukunjwa ili uone kama zinavuja. Zisizo na chapa ni za kuoshea vyombo. Na hata zile halisi hazifai karibu na pulei inayozunguka kwa sababu zinanaswa, wala kwenye bodi kwa sababu mpira unaongeza chaji. Mshukuru, kisha mwombe badala yake kufuli nne, mita moja ya 1000V na mkanda mmoja wa mkononi. Jumla yake haifiki bei ya hiyo bodi ya tatu. Akikuambia hakuna muda wa kufunga kufuli, usifungue paneli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamweka yeye kuwajibika kwa usalama wako, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana ofisi hapa kanda ya kaskazini.

Bodi ikifika, usiifungue bado. Siku ya kwanza iwe ya saplai, ethi na zile bolti za bomba, bodi ikiwa kabatini. Yote yakisoma sawa, siku ya pili zima, funga kufuli, chomoa UPS, funga hewa, pima, vaa mkanda, ondoa ile ya zamani, chomeka mpya. Vua mkanda, funga jalada, washa bila kahawa na bila hewa, uiache saa moja ukitazama volti 24 kwenye mita. Zikitikisika, zima uniandikie namba ulizosoma.